Propela ya Boti Iliyolemewa

Yakobi, Njombe
11 Mei 1997

Shangazi Tausi,

Shikamoo. Nimemwomba dereva Msafiri asiondoe basi mpaka nimalize kuandika, kwa hiyo mwandiko ukiwa mbaya mlaumu yeye. Huku baridi imeingia mapema. Ukungu unashuka tangu saa tisa mchana na kila nyumba watu wanaota moto. Viazi tumepata vya kutosha, na yule mbwa wa jirani amezalia jikoni kwetu. Baba bado amelazwa hospitali ya Ilembula, kifua kilekile. Anakusalimu. Nisalimie Mzee Abdulaziz na malori yake.

Sasa kilichonikalisha chini. Unakumbuka lile shamba la miwati la serikali? Limeuzwa kwa mzungu, pamoja na bwawa lake. Mwezi uliopita ameleta boti ndogo ya mbio juu ya lori, na dereva wake ni mimi, kwa sababu nilikaa Manda kwenye boti za Nyasa. Kazi yenyewe ni hivi: mgeni anafungwa ubao miguuni, anashika kamba, mimi namvuta, naye anarukaruka juu ya wimbi linaloachwa na boti. Wanavaa nguo za mpira mwili mzima kwa ajili ya baridi. Wimbi likiwa dogo mzungu ananuna, kwa hiyo ameniagiza niilemeze boti ikae chini na kuyapasua maji kwa nguvu. Nimepakia mawe, uzito kama magunia matatu ya mahindi. Wimbi limekuwa kubwa kweli. Lakini mashine imelegea.

Ni mashine ya nje, nguvu za farasi tisini, propela ya mapanga matatu, namba kumi na tisa. Kabla ya mawe, saa ya mizunguko ilikuwa inafika elfu tano na mia mbili. Sasa hata elfu nne ni shida, inanguruma tu na kutoa moshi. Wewe ndiye unayewauzia watu wa Nyasa vifaa vya boti tangu biashara zilipofunguliwa. Naomba unichagulie propela inayofaa. Mwanzoni mwa Agosti mzungu anapokea wageni wake wakubwa na familia zao, watu anaotaka waingie naye ubia. Boti isipovuta siku hiyo sina kazi tena, na anayemtunza Baba hospitalini ni mimi peke yangu.

Mwanao,
Ebeneza


Lyamkena, Makambako
19 Mei 1997

Ebeneza mwanangu,

Marahaba. Barua yako imefika inanuka dagaa, Msafiri aliichomeka kwenye furushi la mtu. Sisi wazima. Mzee Abdulaziz ameelekea Songea na mbolea, mimi nimebaki na duka, vumbi na madereva wenye maneno mengi. Wajukuu wamepata surua na wamepona.

Nimecheka mpaka mteja akaniuliza kulikoni. Watu wazima na akili zao wanavutwa kwa kamba kwenye maji ya Njombe. Haya, biashara huria tuliitaka wenyewe.

Nisikilize vizuri. Ile namba ya propela ni umbali ambao propela inaisukuma boti ikizunguka mara moja. Kumi na tisa ni ya boti nyepesi. Ukiijaza mawe ukaiacha na propela hiyo, ni sawa na kumtwika mtu gunia halafu umlazimishe kupiga hatua ndefu. Mpe hatua fupi. Kila namba moja unayoshuka, mashine inaongeza mizunguko kama mia mbili. Halafu Njombe ni juu, hewa yake nyepesi, mashine iliyozoea Nyasa ikipandishwa huko inapungua nguvu kabla hujaweka hata kokoto. Nakutumia namba kumi na tano. Hiyo itakufikisha karibu na elfu tano. Mawe yapange katikati ya boti, usiyarundike mbele. Na unapofunga propela usisahau kurudisha pini yake, nyinyi vijana mna haraka.

Salamu kwa majirani wote, na mama mchungaji, na huyo mbwa.

Shangazi yako,
Tausi


Yakobi
8 Juni 1997

Shangazi,

Shikamoo. Propela nimeipokea na pini nimeirudisha, usiwe na wasiwasi. Pole kwa surua ya wajukuu. Huku mama mchungaji anashukuru kwa salamu. Nilikwenda Ilembula kumwona Baba, anakula kidogo. Anakusalimu sana.

Siku ya kwanza namba kumi na tano ilivuta vizuri, saa ikapanda kama ulivyosema, mzungu akanipigapiga begani. Wiki iliyofuata ikaanza kushuka. Leo, kwa mawe yaleyale na mafuta mazuri, imegota elfu tatu na mia tisa. Yaani ni chini kuliko nilipokuwa na propela ya zamani.

Kuna mambo mengine madogo nayataja kwa sababu wewe ni fundi. Nikizima mashine, boti ikiwa imesimama na bwawa limetulia, pua yake inainama na kuinuka, inainama na kuinuka, taratibu. Upepo hakuna. Chini ya sakafu nasikia mkwaruzo. Na maji yanayokusanyika ndani ya boti nikiyachota ni meupe. Mawe nimeyapanga katikati isipokuwa moja kubwa ambalo halikai pengine ila mbele.

Ebeneza


Makambako
12 Juni 1997

Mwanangu,

Marahaba. Sisi wazima, mahindi yameanza kufika sokoni, malori yamejaa mpaka barabarani.

Maji meupe ni oili ya gia iliyochanganyika na maji. Fungua bolti ya chini uitazame oili, ikiwa kama maziwa basi sili ya kuzuia maji imekwisha, nitakutumia nyingine. Mkwaruzo ni bearingi. Kuinama kwa pua ni hilo jiwe lako la mbele, litoe. Mpaka hapo sioni ajabu.

Ninachokiona cha ajabu ni hesabu. Nimekaa nayo mchana kutwa. Kwa namba kumi na tano, farasi tisini na magunia matatu, huwezi kugota hapo, hata Njombe. Hesabu inaniambia ndani ya boti kuna mtu mmoja zaidi ya wale unaonitajia, na mtu mwenyewe ni mzito. Kama mzungu anakubebesha magendo niambie, sitakutangaza. Na uniambie mawe hayo ni mawe gani. Ya kokoto? Ya mtoni? Jiwe na jiwe hayalingani uzito.

Tausi


Yakobi
6 Julai 1997

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, na unisamehe kwa kukaa kimya. Tulikuwa na mazishi kwa jirani, halafu Baba alizidiwa ikabidi nilale Ilembula. Sasa hajambo kidogo. Anauliza kama umepata salamu zake.

Oili nimeitazama, ni safi kabisa. Bearingi ni nzima, na mkwaruzo unasikika mashine ikiwa imezimwa. Yale maji meupe niliyaacha kwenye ndoo yakatulia, chini kukabaki uji mzito. Nikauanika kwenye bati. Umekauka umekuwa unga. Niliunusa, Shangazi. Unanukia unga mbichi wa mahindi, ule uliotoka kusagwa sasa hivi.

Magendo hakuna. Nilitoa mawe yote nikabakiza lile la mbele tu, na boti haikupanda juu hata kidole kimoja. Jumamosi ya wiki iliyopita mgeni mmoja alikuwa ananing'inia kwenye kamba, akaiachia akiwa katikati ya bwawa. Tulipomwokota aliuliza kwa nini yule mama aliyepiga magoti mbele ya boti havai kofia na baridi hii. Mzungu alicheka, akasema ni ukungu. Kasimiri, mlinzi wa bwawa, mzee anayeujua ukoo wetu, alikuwa ndani ya boti pamoja nasi. Alishuka, na tangu siku hiyo hapandi tena. Mimi napanda kwa sababu sina jinsi, lakini nakwambia wewe tu kwamba naogopa.

Mawe ni ya hapahapa kijijini.

Ebeneza


Makambako
9 Julai 1997

Ebeneza,

Hukunijibu. Ya hapahapa kijijini wapi?

Nakutumia namba kumi na tatu, ya mapanga manne. Hiyo wanaifunga watu wa Nyasa wanaobeba saruji, inashika maji haiachii. Chini ya hapo sina kitu cha kukupa, wala hakuna duka lingine lililo nayo.

Nijibu na hili. Huo mkwaruzo unakwendaje? Ni mara mbili ndefu, halafu moja fupi, halafu unatulia kidogo kama mtu anayefuta jasho?

Tausi


Yakobi
20 Julai 1997

Shangazi,

Shikamoo. Ndiyo. Unakwenda hivyohivyo. Sijui umejuaje.

Nitakueleza yote sasa, maana kukuficha kumenichosha. Tangu mashine za kusaga zifunguliwe kila kijiji, mawe ya kusagia ya akina bibi yamelala tu nyuma ya majiko. Mazuri kwa boti: mazito, laini, hayatoboi sakafu. Nilipita nyumba kwa nyumba nikaomba, watu wakanipa wakinicheka. Lile kubwa la mbele nililitoa kwetu. Lilikuwa chini ya upenu, limefunikwa ungo uliotoboka. Ni la Bibi Esteria, mama yako.

Nilidhani mambo yake yalishakwisha. Nilikuwa bado shule alipofariki, sikuwa nyumbani. Kasimiri ndiye aliyenieleza kwamba katika ukoo wetu, mama akifa, binti yake analigeuza jiwe lake uso chini kabla jeneza halijatoka uani, na hapo ndipo kazi ya marehemu inapoisha. Na binti wa Bibi ni wewe peke yako. Nikamuuliza, kwani Shangazi hakuligeuza? Akasema swali hilo nimpelekee Baba.

Nikamuuliza Baba jiwe la juu liko wapi, lile dogo la mkononi, maana sikulikuta. Akasema Bibi alizikwa nalo, kwa sababu vidole vyake havikufunguka. Nikamuuliza kwa nini jiwe kubwa halikugeuzwa, akageukia ukutani. Lakini alipokuwa amegeuka aliniambia nisisahau kukusalimu.

Namba kumi na tatu nimeifunga. Nitakwambia.

Ebeneza


Yakobi
27 Julai 1997

Shangazi,

Sijapata jibu lako. Msafiri anasema barua alikupa mkononi na ukaisoma umesimama.

Mapanga manne yanashika maji, ni kweli, lakini boti inakwenda mwendo wa mtu anayetembea. Jana pua iliinama mpaka maji yakaingia juu, Kasimiri akanipigia kelele kutoka ukingoni. Tumejaribu kulitoa jiwe, mimi na yeye na wanaume wawili wa shamba. Halikunyanyuka. Nililipandisha mimi peke yangu mwezi wa tano.

Nilimwambia mzungu boti haifai. Amesema Jumamosi itafaa, na watoto wa wageni ndio watakaotangulia kupanda, wameshaahidiwa. Hakuna mwingine wa kuendesha, nikikataa mzungu atashika usukani mwenyewe, naye hajui hiyo pua inavyokwenda. Watoto hao hawajamkosea mtu.

Andika hata neno moja.

Ebeneza


Lyamkena, Makambako
3 Agosti 1997

Mwanangu Ebeneza,

Habari za baridi? Sisi wazima. Mzee Abdulaziz amerudi na mguu umemvimba, lakini anakula.

Nilikuja Alhamisi. Sikukuandikia kwa sababu ningeandika ningeghairi. Hukuwepo, Kasimiri alisema uko Ilembula. Afadhali. Kasimiri aliniita Erica. Tangu niolewe na kusilimu hakuna aliyeniita hivyo ila mama yangu, na nilimwacha aniite atakavyo.

Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye maji. Boti ilikuwa imefungwa gatini inainama na kuinuka. Nilipanda, nikapiga magoti pale mbele, nikamsalimu kwa lugha ya kwetu, "Kamwene, mama. Ni mimi." Ikatulia. Nikaliinua jiwe peke yangu, mwanangu, kama ninavyoinua betri ya lori kila siku. Kasimiri alivua kofia akaacha kunitazama.

Msafiri alinipa kiti cha mbele, jiwe nikaliweka miguuni. Alipanda vilima vyote kwa gia ya pili, basi lilikuwa na abiria wachache tu. Kila mara alikuwa anatazama kwenye kioo halafu ananitazama mimi. Nilikuwa nimefurahi sana. Sijui nikueleze vipi. Nilikuwa na mama yangu kwenye gari.

Tausi


Yakobi
11 Agosti 1997

Shangazi mpendwa,

Shikamoo na ahsante, ahsante, ahsante. Boti imepona. Jumamosi ile nilipoongeza mwendo iliruka mbele, namba kumi na tatu ikazunguka kupita kiasi mpaka mashine ikapiga yowe, ikabidi nirudishe namba kumi na tano mbele ya wageni. Watoto walipanda, walicheka, walianguka majini, wakatoka. Mzungu amepata ubia wake na mimi nimebaki na kazi. Uzito sasa ni mifuko ya mchanga niliyoishona mwenyewe. Mawe mengine nimeyarudisha nyumba kwa nyumba na kuomba radhi.

Baba ana nafuu. Nilimwambia kwamba ulikuja. Alilia. Anasema, mwambie dada yangu aligeuze hilo jiwe. Ndivyo asemavyo, na mimi pia nakuomba. Uligeuze, Shangazi, Bibi apumzike.

Ebeneza


Makambako
30 Agosti 1997

Ebeneza,

Nimefurahi kwamba boti inavuta. Propela ya mapanga manne nirudishie, ina mtu wake.

Jiwe sijaligeuza na sitaligeuza. Mwambie baba yako Mika, kwa kuwa sasa ana maneno mengi, kwamba nilituma habari nakuja Pasaka, na nikaja, nikakuta udongo mbichi. Alinipokea njiani kabla sijafika uani. Alisema, "Wewe si wa hapa tena, na wa hapa tumeshamzika." Nikageuza njia bila kunywa hata maji. Aliyemzika mama yangu bila mimi asinifundishe namna ya kumzika.

Mimi sasa ninaye. Yuko nyuma ya duka, pale penye matairi. Kila alasiri anasaga. Mahindi siweki, lakini kila magharibi unga uko ukingoni mwa jiwe, konzi moja, mweupe, wa moto kidogo. Naukusanya kwenye debe na kuufunika. Siugusi. Nautunza. Wateja wanasema duka langu lina sauti nzuri, inawaletea usingizi. Mara nyingine napiga magoti mbele yake na mikono yangu inakwenda yenyewe, mara mbili ndefu na moja fupi.

Usiniambie tena nimgeuze. Miaka yote hii sikuwa na mama.

Tausi


Yakobi
14 Septemba 1997

Shangazi,

Shikamoo. Mzee Abdulaziz alimtuma Msafiri kwangu na maneno ya mdomo. Anasema duka halifunguliwi mpaka adhuhuri. Anasema unapiga magoti mchana kutwa, viganja vimechubuka, na hujala vizuri tangu mwezi wa nane. Anasema akikuita Tausi huitiki. Shangazi, nilikuomba propela ukaniokoa na jambo kubwa kuliko propela. Sasa mimi ndiye ninayeogopa kwa ajili yako.

Nilikwenda Ilembula nikamwambia Baba, leo hutageukia ukutani. Akasema, nami nakuandikia kama alivyosema:

"Mama alisikia kwamba Erica anakuja Pasaka. Mashine ya kusaga ilikuwa hatua chache tu kutoka nyumbani, nikamwambia nipe mahindi nikupelekee. Akakataa. Akasema mwanangu hatakula unga wa mashine nyumbani kwangu. Akasaga siku ile mpaka akalala juu ya jiwe. Nilimkasirikia Erica kwa sababu nilimwona yeye ndiye aliyemuua. Sikutaka ajue alikuwa anasagiwa yeye."

Ndiyo hayo tu. Alipomaliza alitaka maji.

Ebeneza


Lyamkena, Makambako
28 Septemba 1997

Ebeneza mwanangu,

Marahaba. Mvua za kwanza zimegusa huku, vumbi limelala kidogo. Mzee Abdulaziz mguu umepungua uvimbe. Wajukuu wako hapa wanachezea boksi za propela, nimewakataza hawasikii.

Barua yako niliisoma nikaifunga, nikaisoma tena. Halafu nikalifunua debe. Kumbe nilikuwa nauweka unga kama wa maonyesho, na yeye kila siku anasaga mwingine kwa sababu ule wa jana haujaliwa. Nani atakayeacha kusaga wakati mgeni wake bado ana njaa?

Nikawasha mkaa. Nikaweka maji. Nilisonga ugali uani kwangu mchana, nikauepua, nikaketi chini pale penye matairi, nikala na maharage. Unga wote uliishia sufuriani. Jiwe lilikuwa linakwenda wakati naanza. Nilipofika katikati likaenda polepole. Nilikuwa na njaa, mwanangu, sikujua kama nina njaa kiasi kile, nilikula kwa haraka kama mtoto aliyetoka shule. Nilipomeza tonge la mwisho la sahani yangu, likatulia.

Nikanawa mikono nikaligeuza. Lilikuwa jiwe tu. Jepesi, la baridi.

Ukoko na kipande cha ugali kilichobaki nimevifunga kwenye jani la mgomba. Kesho nakwenda Ilembula kwa basi la asubuhi kumpelekea kaka yangu. Usimwambie.

Nilikaa pale mpaka Mzee Abdulaziz akaja kuniita, nikaitika. Nilikuwa nalia. Aliniuliza kama ni kwa sababu mama ameondoka. Nikamwambia hapana, kuondoka ni haki yake. Nalia kwa sababu ningejua kwamba ndicho chakula cha mwisho, ningekula polepole.

Shangazi yako,
Erica